Nyumba ya Bi Awa Inakaliwa

Maji yanapokupwa vizuri, Zuleica huvua kandambili ufukweni Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, hutemea mate kioo cha miwani ya kuzamia kisije kikafanya ukungu, kisha huingia baharini kwenda kuangalia nyumba ya mama yake. Nyumba iko hatua mia mbili kutoka nchi kavu, na maji yamepita juu ya paa lake.

Ilihamia huko wakati wa vita. Watu wa mtaa ule walikimbilia ng'ambo ya Rovuma, wakakaa miaka mitatu, na nyumba zilipochoka kungoja ziliteremka baharini moja moja. Wenyewe waliporudi, nyingi nazo zilirudi. Ya Bi Awa haikurudi. Hakuna aliyeshangaa, walikuwa wamekwisha kuona makubwa kuliko hayo.

Tabu ilikuwa mabati ya msaada ya kujengea upya. Ofisi iliyoyagawa ilikuwa na fomu, na fomu ilijazwa na Nélio, karani wa kutoka Mueda, mtu wa adabu, shati limepigwa pasi.

"Nyumba iliharibiwa, dona Zuleica?"

"Haikuharibiwa. Iko baharini."

"Nzima?"

"Nzima."

"Inakaliwa?"

Hapo ndipo alipojiponza, maana alilelewa kusema kweli. "Sasa hivi wamo pweza."

Nélio akaandika: inakaliwa. Akamweleza kwa upole kwamba nyumba nzima iliyo tupu huhesabiwa imetelekezwa, na mwenyewe hupewa mabati. Arudi siku pweza watakapohama.

Zuleica amezamia pwani ile tangu yu mwali, akiokota kome na kuchokoa pweza mashimoni. Alijua viumbe wa bahari hawakai. Kila msimu na wake. Akangoja. Kusi ilipokolea na maji kuwa baridi, pweza waliondoka kweli, wakaacha magamba ya kome yamepangwa mlangoni kama viatu vya wageni. Juma hilo hilo chewa watatu walilala ukumbini, wanene, hawasogei hata ukiwasukuma kwa mguu. Nje nyangumi walipita na watoto wao, na kwa kuimba kwao lipu ikadondoka ukutani kidogo kidogo. Chewa walipotoka, maji yakatulia yakapata joto, wakaja dagaa, wakajaa vyumba vyote hata kitanda kisionekane. Dagaa kwisha, wakaingia kasa waliokuwa wakitaga ufukweni, wakapumzika chini ya kitanda. Hapakupita hata wiki moja nyumba ikiwa tupu. Na kila alipokwenda ofisini aliulizwa swali lile lile, naye akajibu kwa meno yaliyobanana.

Wakati wote huo Bi Awa, mwenye miaka sabini na tisa, alilala barazani kwa mpwa wake Jamaldine, nyuma ya pazia la gunia, na Zuleica nje ya pazia. Bi Awa hakulalamikia chakula wala mbu. Alitaka mlango tu.

"Mtu mzima havai nguo barazani," alisema.

Mwishowe Zuleica alimburuta Nélio pwani. Karani akakunja suruali, akavaa miwani, akazama. Alipoibuka alikuwa anatiririka maji na ameridhika.

"Nyumba nzuri," alisema. "Hata kitasa kinafanya kazi."

"Bwana chefe, mama yangu analala barazani."

"Naelewa, dona."

"Hujaelewa. Ungeelewa ungeandika."

"Ningeandika, dona. Fomu haina nafasi ya hilo."

Jioni Zuleica alimsimulia mama yake yote kwa hasira, neno kwa neno. Bi Awa alisikia moja tu: kwamba kitasa kinafanya kazi.

Kesho yake asubuhi alikunja mkeka, akachukua birika na tasbihi, akaingia baharini kwa mwendo wake wa siku zote. Maji yakamfika magotini, kifuani, yakafunika kilemba, naye hakugeuka. Zuleica alipozama kumfuata alimkuta ameketi kitandani, anapumua taratibu, anamkaripia kasa aliyeingia bila hodi. Mlango alikuwa ameurudisha.

Zuleica alikwenda ofisini nguo zikiwa bado mbichi. Nélio alisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua kalamu.

"Basi tumshukuru Mungu," alisema. "Familia imepata makazi."

"Na mimi?"

"Fomu ni moja kwa kila familia, dona. Mmeshatoka kwenye orodha."

Alimwambia maneno ambayo hakupata kumwambia mtu yeyote. Karani aliyapokea kwa adabu, akamfungulia mlango.

Sasa Zuleica ndiye anayelala nyuma ya pazia la gunia. Siku mbili tatu kila juma humpelekea mama yake muhogo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira, na kila mara mama husema umezidi chumvi. Kusi imerudi, na pweza pia; mmoja amepewa pembe ya chumba, maana ni mtulivu na anajua kufagia.

"Ofisini wamesemaje?" Bi Awa huuliza, akimenya muhogo.

Zuleica hawezi kufungua kinywa chini ya maji. Hutikisa kichwa, na pumzi ikimwishia hupanda juu.