Kivuli Alipigwa au Aliteleza

Shemeji yangu ni fundi makochi, lakini ukipita nje ya karakana yake unaweza kudhani kazi yetu ni kutengeneza kelele. Mimi nashona foronya za mito kwa cherehani iliyo karibu na mlango. Yeye yuko kule ndani, anapasua sponji na kubana vitambaa. Kila alasiri makochi ya wateja hukaliwa na wanaume wasio na kochi hapa wala nia ya kununua. Wanakuja kuwafufua mabondia wa uzito wa juu wa zamani. Wa sasa hawawataki. Wa sasa, wanasema, wanapigana huku wanaogopa kuchafua nguo.

Ugomvi wao mkubwa ni mmoja tu, na umri wake unaushinda wa cherehani yangu. Tingatinga na Kivuli walikutana ulingoni mara moja maishani. Tingatinga alikuwa na mkono wa kulia ambao, kwa maelezo ya shemeji, ukikukosa unaugua mafua kwa upepo wake. Kivuli hakuwa na mkono wa maana, alikuwa na miguu. Alizunguka mpaka mpinzani akachoka kumtafuta. Raundi ya tisa Kivuli akaenda chini, na refa akamaliza kuhesabu yeye bado amelala. Watu wa Tingatinga wanasema alipigwa. Watu wa Kivuli wanasema aliteleza kwenye maji yaliyomwagika konani kwake, akagonga kisogo. Kanda ya video ipo, nimelazimishwa kuitazama, na pale penyewe mgongo wa refa umeziba kila kitu. Siku nikikutana na refa yule nitamtandika mimi.

Shemeji ni mtu wa Tingatinga mpaka kwenye mifupa. Dada yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba ameolewa na wawili, mume na Tingatinga. Alituacha binti yao akiwa bado anatambaa. Tangu hapo shemeji amemlea kwa mikono ile ile yenye gundi na vumbi la sponji, akajifunza kusuka nywele, vibaya, na kupika uji, vizuri. Binti tunamwita Pini, kwa wembamba wake na kwa namna anavyochoma akikasirika.

Sasa Pini amepata mchumba, kijana fundi umeme, mpole, tena anampenda kweli. Shida ni baba wa kijana. Huyo ni mkata vioo, mtu wa kupima kila kitu mara mbili, salamu zikiwemo. Alikuwa amesema wazi kwamba mwanawe haoi kwenye nyumba ambayo yeye hajaiona kwa macho yake, na kijana hajawahi kumpinga baba yake. Mzee akikataa, hakuna ndoa.

"Mama mdogo," Pini aliniambia, "baba akianza habari za ngumi nimekwisha. Yule mzee ni wa Kivuli."

"Wa Kivuli kiasi gani?"

"Paka wao anaitwa Kivuli."

Nikajua tumepatikana.

Asubuhi ya siku ambayo mzee alisema atakuja nilimkalisha shemeji kwenye kochi lisilo na sponji, ili asikie vizuri. "Leo ndondi marufuku," nikamwambia. "Akizungumza Kivuli, wewe zungumza vitambaa."

"Na akisema Kivuli aliteleza?"

"Aliteleza."

"Shemeji, unataka niseme hivyo kwa mdomo huu?"

"Mdomo huo huo. Ndio uliomwahidi dada yangu kwamba Pini hatakosa kitu."

Akaanza kubandua gundi vidoleni. Nilikuwa nimempiga chini ya mkanda na nilijua, lakini sikuwa na nafasi ya kupigana kistaarabu.

Mkata Vioo akaja amebeba kiti kilichochanika kidogo pembeni, akiwa amewapita mafundi wote wa mtaa wake ili atuletee sisi. Kiti kilikuwa kisingizio. Alipitisha kidole juu ya meza ya kukatia, akakitazama kidole. Akabonyeza mito yangu mmoja mmoja. Akauliza bei, akauliza muda, akaitikia kwa kichwa. Shemeji alijibu kwa adabu mpaka nikamhurumia. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Kisha akaingia Kinyozi, jirani yetu, mtu anayeweza kubishana huku wembe uko shingoni kwa mteja. Nilikuwa nimemtumia ujumbe asije. Ndiyo sababu alikuja. Akajitupa kwenye kochi la mteja, akamtazama mgeni juu mpaka chini.

"Mzee, wewe unaonekana umeyaona mapigano ya enzi zile," akasema. "Hebu tuamulie. Kivuli alipigwa au aliteleza?"

"Aliteleza," Mkata Vioo akajibu, kwa utulivu wa mtu aliyeulizwa jina lake.

Wote tukamgeukia shemeji. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

"Inawezekana," akasema shemeji.

Kinyozi akainuka kutoka kwenye kochi. "Inawezekana? Wewe unasema inawezekana?"

Karakana yetu ina desturi yake. Maneno yakigonga ukuta, ile raundi ya tisa inachezwa upya. Kila mmoja anavaa mto mkononi badala ya glovu, na sheria ni moja tu: unacheza unavyoamini, hata kama unachoamini kinakuaibisha. Kabla sijafungua mdomo Kinyozi alishagawa mito na kujitangaza refa. Mkata Vioo akavua miwani, akaikunja, akanikabidhi. Yeye ndiye Kivuli. Shemeji ndiye Tingatinga. Nilimkazia shemeji macho, naye aliyaona.

Akarusha. Ngumi yake ilipita mbali na uso wa mgeni kiasi kwamba katikati ungeweza kupitisha kochi la watu watatu.

Mkata Vioo hakuanguka. Hakusogea hata kidogo.

"Hiyo ni nini?"

"Ngumi ya Tingatinga," akasema shemeji akitazama chini.

"Nimemchukia Tingatinga tangu ujana wangu," Mkata Vioo akasema taratibu, "na hajawahi kurusha uchafu wa namna hiyo. Unanidanganya."

Mimi nikaanza kutafuta sindano sakafuni, ingawa hakuna iliyoanguka.

"Mtu anayeweza kumvunjia heshima bondia wake ili anifurahishe mimi," akaendelea, "nikimuuliza habari za binti yake ataniambia nini? Kwamba hana hasira? Kwamba anapika vizuri? Mimi niamini lipi?" Akanyoosha mkono nimpe miwani yake. Akakibeba kiti chake.

Pini alikuwa mlango wa nyuma na sinia la chai. Alisikia yote. Hakulia. Aliweka sinia chini, akaanza kukunja vitambaa ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa, na hapo ndipo roho iliponiuma.

Shemeji akaenda kusimama mlangoni, mto bado mkononi.

"Ngoja, mzee. Hasira anazo. Kupika hajui, mimi ndiye niliyemfundisha. Ninaye huyo mmoja tu. Mama yake alikufa kabla hajaitwa mama. Ngumi ya uongo nimeirusha kwa ajili yake, na ukitaka nitarusha nyingine mpaka jua lizame. Nitasema Tingatinga hakuwa na mkono. Nitasema hakuzaliwa." Akaukaza mto mkononi. "Lakini usinitake niamini. Kivuli alipigwa."

Nikafumba macho. Alikuwa amefika salama kabisa, halafu akaongeza maneno mawili.

Nilipofumbua, Mkata Vioo alikuwa ameweka kiti chini. Alimtazama shemeji, akamtazama Pini na vitambaa vyake, akamtazama tena shemeji. Miwani ikarudi mkononi kwangu.

"Irushe."

"Mzee, yaishe tu."

"Irushe unavyoamini."

Shemeji akairusha. Mto niliouvalisha foronya kwa mikono yangu ulimpata Mkata Vioo kidevuni barabara. Akaenda kinyumenyume, akaangukia kochi la mteja, akateremka polepole mpaka sakafuni. Kinyozi, bila aibu, akaanza kuhesabu. Hakuna aliyemzuia. Mzee alilala akitazama dari mpaka hesabu ikaisha, na Pini alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha watu.

"Nimeteleza," akasema Mkata Vioo kutoka chini.

"Umepigwa," akasema shemeji.

"Nimeteleza. Na harusi isicheleweshwe, kijana wangu hali chakula siku hizi."

Shemeji akatupa mto, akainama kumpa mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujishughulisha kuyafuta.

"Umepigwa, mkwe wangu," akasema, akamwinua.