Mwenye Nyumba wa Ngazini

Lorna Sugden alikuwa amefika katikati ya ngazi na beseni la nguo mikononi alipomkuta mdogo wake amekaa kwenye ngazi ya tano, amevaa sapatu, anatazama ukuta. Akamwambia asogee. Nev akasogeza magoti upande mmoja, Lorna akapita, akaenda kutundika nguo kwenye kamba ya bafuni, maana mvua ilikuwa imeanza tangu asubuhi, na mvua ya Skelbrook ikishaanza haina haraka ya kwenda popote. Aliposhuka Nev alikuwa bado yupo. Lorna akaenda kwenye simu ya ukutani akapiga chumba cha madereva wa mabasi.

"Uko hapa tena," alisema.

"Nasubiri zamu yangu, dada," Nev akajibu. Nyuma yake mabasi yalikuwa yananguruma. "Nafanya nini?"

"Hufanyi kitu. Umenizibia njia. Unautazama ule unyevu wa ukutani."

"Umepanda juu zaidi?"

"Kidogo."

"Ndiyo maana niko huko, basi. Na kifua chako?"

"Kifua kipo palepale ulipokiacha jana. Nenda kaendeshe basi lako."

Mambo haya yalianza wakati wa vuli, wiki ile boila ya kupasha nyumba joto ilipokufa. Nev aliishi Oxley Bridge, ng'ambo ya kilima, na mkewe Paulette, na kutwa alikuwa nyuma ya usukani. Hakukusudia kwenda kwa dada yake, wala hakusikia chochote mwilini. Ila kila wasiwasi ulipompata juu ya Lorna, na ulimpata kuanzia anapopiga mswaki, alikuwa amekaa kwa Lorna kwenye ngazi huku akiendelea kuwakatia watu tiketi barabarani. Yule wa ngazini hakula wala hakusema. Mara mojamoja aliinuka akajaribu komeo za madirisha, akarudi kukaa. Jirani wa Lorna, Bi Crabtree, alimpungia mkono dirishani siku moja asiitikiwe, basi akapanda basi la Nev kesho yake kwa makusudi ya kumnunia.

Lorna alimzidi Nev miaka tisa. Ndiye aliyemfungia kamba za viatu na kuwapiga waliompiga, wakati mama yao akikesha kiwandani. Baadaye akawa mpishi wa shule, hadi mvuke na unga vilipomla mapafu, na sasa akipanda ngazi mara mbili ilibidi akae kwanza. Mwenye nyumba wake wa zamani alipotaka kuuza, Nev alikwenda benki akakopa, akainunua yeye, ili dada yake asihamishwe na vyombo vyake kwenye mvua. Waliandikiana mkataba kwenye meza ya jikoni, wanacheka, Nev akisoma kwa sauti ya hakimu: "Neville Sugden, ambaye hapa chini ataitwa mwenye nyumba." Kodi ikapangwa sawa na ya mtaa mzima.

Lorna akaomba msaada wa kodi halmashauri. Ulikuwa haki yake, hata kama anapanga kwa ndugu, mradi upangaji wenyewe uwe wa kweli, wa kulipa kodi kama mtu baki, na huyo ndugu asiwe anaishi naye ndani ya nyumba hiyohiyo. Hilo la mwisho hawakulihofu hata kidogo. Walichohofu ni msaada kuchelewa, kwa sababu mshahara wa dereva haubebi nyumba mbili, na benki ilikuwa imeshapiga simu, kwa adabu, kuulizia. Nyumba ikichukuliwa, Lorna hakuwa na pa kwenda.

Afisa aliyetumwa aliitwa Bwana Tordoff, mtu mrefu, mpole, viatu vimelowa. Alikubali chai. Alihesabu vitanda, akachungulia miswaki, akauliza nani analipia umeme. Kisha akafika kwenye ngazi.

"Na huyu ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiye," Lorna akasema.

"Habari za mchana, bwana."

Nev akatazama ukuta.

"Huwa yupo mara nyingi?"

Lorna hakuwahi kuidanganya serikali, na hakuona sababu ya kuanza. "Kila siku. Siku ya mpira huwa anachelewa. Lakini anaishi Oxley Bridge, na hivi sasa yuko barabarani na basi."

"Sina shaka nalo. Nimekuja na basi lake," Bwana Tordoff akasema. "Amenirudishia chenji." Akapuliza chai yake. "Tatizo, Bi Sugden, ni kwamba sheria inakataza mwenye nyumba ambaye ni ndugu kuishi na mpangaji wake. Haisemi kwamba akiishi na kwingine anasamehewa."

"Hajaleta hata shati."

"Ameleta sapatu." Alisema hivyo kwa huzuni, si kwa ukali. "Hauko peke yako. Mtaa huu tu ninao wanne. Yule mzee wa pale kona, binti yake amekaa ndani ya beseni la kuogea tangu Pasaka. Nimewanyima na wao. Mama yangu mwenyewe aliniambia nilisimama jikoni kwake mwaka mzima kabla hajafa. Bahati nzuri nyumba ilikuwa yake, sikumdhuru mtu."

Akasema atarudi baada ya mwaka mpya bila kutoa taarifa mapema. Akikuta ngazi tupu, atapitisha. Akimkuta Nev, faili linafungwa. Akaosha kikombe chake mwenyewe, akaondoka.

Nev alijitahidi kuacha kuwaza. Aliendesha basi huku anaimba, hadi abiria wakalalamika. Paulette alimpeleka kwenye dansi kila Alhamisi, na hakufanya hivyo kwa ajili ya halmashauri tu.

"Mwenzangu wifi, mimi nimeolewa na nusu mtu," alimwambia Lorna kwenye simu. "Akiwa huko kwako huku anakuwa mwepesi. Jana nimemwinua na kiti chake kwa mkono mmoja nikafagia chini."

"Mlishe."

"Namlisha. Chakula nacho sijui kinakwenda wapi."

Lorna naye akaanza kusema uongo. Alimwambia Nev kifua kimepona, unyevu umekauka, analala vizuri, amenenepa. Nev alimjua dada yake tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa. Siku ile ile aliyoambiwa yote ni mazuri, yule wa ngazini alitokea na koti la baridi na mto wa kulalia. Benki ikapiga simu tena, na safari hii adabu ilikuwa imepungua.

Hapo ndipo Lorna alipoona kwamba haitoshi Nev kuacha kumwonea wasiwasi. Ilibidi aache kumpenda. Aliliwaza jambo hilo wiki nzima huku akipika na kufua, na kila alipolizunguka alikuta hakuna mlango mwingine. Alijua pa kumpiga. Ni yeye peke yake duniani aliyejua.

Mama yao alikuwa amekufa hospitali, Jumamosi mchana, Nev akiwa uwanjani anatazama mpira. Lorna alikuwa kando ya kitanda anafuma. Mama alilala tangu asubuhi, hakufumbua macho, hakuuliza mtu, akaenda taratibu kati ya pumzi na pumzi. Lorna alimweleza Nev hivyo jioni ile, na ilikuwa kweli tupu, na Nev aliishi kwa maneno hayo miaka yote iliyofuata. Alipolewa sikukuu aliyarudia: hakuuliza mtu, alilala tu.

Akawaalika Jumapili. Alioka nyama, akapika viazi, karoti na mchuzi mzito kama Nev alivyoupenda. Nev alikuja na mwili wake na mkewe, na yule mwingine alikuwa kwenye ngazi vilevile. Alipokwenda msalani ilibidi ajiruke, akajiomba radhi. Walicheka kidogo mezani kwa hilo. Lorna alisubiri hadi Nev alipojiongezea mchuzi mara ya pili.

"Nev," alisema, "mama hakulala siku ile."

"Siku ipi?"

"Unaijua siku. Alikuwa macho. Alikuulizia tangu asubuhi. Kila mlango ukifunguka anauliza, ni Nev huyo? Nikamwambia uko njiani. Nawe uko uwanjani unakula pai."

Nev aliweka uma chini polepole. "Uliniambia alilala."

"Nilikudanganya. Nimechoka."

"Lorna, wifi yangu, ya nini haya leo?" Paulette akasema.

"Kwa sababu anakuja kukaa kwenye ngazi zangu ananionea huruma. Nani kamwomba? Huruma hiyo angempelekea mama alipoililia."

Ulikuwa uongo, neno kwa neno, na Lorna alijua hivyo alipoumaliza. Alitaka kuyarudisha maneno, ayameze na mifupa yake. Badala yake akamsogezea Paulette sahani ya karoti. Nev aliisogeza sahani mbele. Kisha akasimama, akashukuru kwa chakula, akachukua koti. Alipopita ukumbini, yule wa ngazini aligeuka kutoka ukutani akamtazama, mara ya kwanza tangu vuli. Mlango ukafungwa bila kubamizwa. Lorna angependelea ubamizwe.

Jumatatu yule wa ngazini hakuwa na mto. Katikati ya wiki maua ya karatasi ya ukutani yalikuwa yanaonekana kupitia kifuani mwake, na Lorna akipita hakuhitaji kumwambia asogee. Hakumpigia Nev simu kumwarifu. Mwisho wa wiki hakikubaki kitu isipokuwa sehemu yenye joto kwenye zulia. Lorna akakaa juu yake mpaka ikapoa.

Januari Bwana Tordoff alirudi, na safari hii alimwita na mwenye nyumba aje athibitishe mambo. Nev alikuwa na ufunguo lakini alibonyeza kengele. Alifuta viatu. Alikuwa amenenepa, na mbao za ukumbi zililia chini yake kama hazijawahi kumbeba. Kwa miezi mingi hakuwa ameonekana mzima kiasi hicho. Alimsalimu dada yake kwa jina la Bi Sugden, akakataa chai, akasimama jikoni na kofia yake ya kazi mkononi.

"Niseme wazi, nimefurahi," Bwana Tordoff akasema, akiitazama ngazi tupu. "Wachache wanaweza. Sasa, bwana, swali ninalomuuliza kila ndugu. Huyu asipolipa kodi, utamtoa?"

"Nitamtoa," Nev akasema.

Bwana Tordoff alimtazama usoni, kisha akaandika. Alikuwa mzoefu, alijua jibu la kweli likitamkwa. Lorna naye alilijua. Aligeukia sinki akaosha kikombe kilichokuwa safi.

Afisa akapanda juu kukagua vyumba mara ya mwisho. Walibaki wawili ukumbini, chini ya ngazi. Mvua ilikuwa inapiga kioo cha mlango. Nev alizungusha kofia yake, akaizungusha tena.

"Dada," alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu Jumapili ile. "Nikuulize kitu kimoja tu, sitakuuliza tena. Nimejaribu kukuchukia na nimeweza, lakini napata shida asubuhi nikiamka. Mama aliniulizia kweli?"

Lorna alitazama nyuma ya bega lake. Kwenye ngazi ya tano zilikuwa zimetokea sapatu mbili, zimewekwa pamoja. Juu ya sapatu kulikuwa na vifundo vya miguu, hafifu, halafu suruali hadi kwenye magoti. Alikuwa anakuja. Ilikuwa inatosha Lorna aseme hapana, alilala, nilikudanganya mezani, na Nev angekaa pale na asingebanduka tena maisha yake yote. Juu, mlango wa chumba cha kulala ulifungwa, na nyayo za Bwana Tordoff zikaelekea ngazini.

Lorna alimpenda mdogo wake kuliko alivyowahi kumpenda mtu. Aliona mkono mmoja unaanza kutokea juu ya goti.

"Aliniulizia?" Nev akarudia.

"Ndiyo," Lorna akasema. "Mpaka mwisho."

Nev akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa basi limeshapita. Akavaa kofia. Bwana Tordoff alishuka, akakanyaga ngazi ya tano bila kumruka mtu, akawapa mkono wote wawili, akasema kwamba hii sasa ni biashara safi isiyo na walakini. Nev alitoka naye, kwa kuwa zamu yake ilikuwa inaanza na afisa alihitaji usafiri.

Msaada ulianza kulipwa Jumatatu iliyofuata, moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye nyumba, na Lorna akaruhusiwa kubaki.