Nyota Mbili kwa Fundi Cherehani

Jana usiku niliota nyota mbili zimekuja kibandani kwangu, Makambako, kupimwa magauni.

Kazi yangu ni cherehani. Mambo ya angani ni mapenzi tu. Nina darubini ya mtumba, na kwa miezi mitatu nimehangaika na nyota moja ambayo kitabu kinasema ni mbili: kubwa ya manjano, na ndogo ya bluu iliyojibana ubavuni mwake. Kila nikichungulia, naona moja.

Sasa hizo hapo mlangoni. Kubwa inaingia ikicheka, inajaza kibanda kizima. Ndogo siioni.

"Mwenzio yuko wapi?" nauliza.

"Nipo," inajibu sauti nyembamba. "Usinikodolee macho. Tazama pembeni, ndipo utaniona."

Natazama kopo la vifungo. Kweli, kwenye pembe ya jicho kuna cheche ya bluu.

"Nipime leo, fundi. Kesho naingia mgongoni kwa dada. Nitatoka baada ya miaka sitini."

Mimi nina sitini na moja. Navuta tepu ya kupimia.

Lakini hewa nayo imekuja bila kualikwa. Inatetemeka kwenye benchi kama mwenye homa, na kila ikitetemeka, nyota zinaungana tena.

"Tulia!"

"Sijazoea kukaa," inasema.

Naivalisha sweta la shule la mteja. Inatulia.

"Kumpata mdogo, hesabu nyuzi za pembe kutoka kaskazini kupitia mashariki," inaagiza darubini kutoka kwenye kona ya pasi.

"Kaskazini iko wapi?"

"Ameiazima jirani."

Nafungua mlango wa uani. Uani ni stesheni ya reli. Mama Atupele, jirani yangu kwa miaka ishirini sasa, ameifunga kaskazini kwenye nguzo mbili, ameanikia mashuka.

"Mama Atupele, naiomba kaskazini."

"Jamani, jirani! Mashuka hayajakauka. Njoo kesho."

"Kesho atakuwa ameshaingia."

Ananitazama. "Ni yule mdogo wako wa bluu unayemlilia kila siku?"

"Ndiye."

"Basi shika huku, tukunje."

Tunakunja mashuka sita, yanatiririsha maji hadi kwenye viatu. Nakimbia na kaskazini kwapani. Reli inaishia chini ya cherehani yangu.

Naifunga kaskazini pale, nachukua kibunda cha uzi, nahesabu nyuzi: uzi mmoja, naulaza, wa pili, naulaza, kuelekea mashariki. Vidole vinauma. Hewa inaanza kuvua sweta. "Thubutu!" naiambia, nami naendelea. Uzi wa mia moja na kumi na nne unaigusa nyota ndogo.

Nyota kubwa imeacha kucheka.

"Miaka yote hii nilidhani ni bega langu," inasema.

"Nilikuwa naona haya kukwambia, dada. Sogea kidogo."

Inasogea. Nazuia pumzi, napitisha tepu katikati yao. Imepita.

"Nyuzi mia moja na kumi na nne," nasema. "Ninyi ni wawili."

"Hebu tuone," zinasema, na zote mbili zinainama kwa pamoja kusoma tepu.

Nikaamka.

Asubuhi hii nimeikuta tepu shingoni mwangu. Ina kitundu cha kuungua. Nikaigeuza mwangani: kitundu kimoja. Nikachomoa lenzi ya darubini, nikakiangalia tena, bila haraka.

Ni viwili, na kati yavyo umebaki uzi mmoja haujaungua.