Mgeni ni Nani Hapa?

Hasira niliyonayo kwa Herieth haijaisha, na sitaki iishe. Mtu asiniambie nisamehe kwanza. Nisikilizeni kwanza, mengine baadaye.

Shuleni kwetu hapa Kasulu vitabu vya riwaya vilikuja vichache kuliko madawati. Basi tukafanya tunavyofanya siku zote: tukavichana. Unachukua wembe, unakipasua kitabu katikati, mmoja anachukua nusu ya mwanzo na mwingine nusu ya mwisho, mkimaliza mnabadilishana. Mwalimu anajua, anajifanya haoni. Kitabu changu nilipangiwa pamoja na Herieth. Mimi nusu ya mwanzo, yeye nusu ya mwisho.

Nusu yangu niliimeza. Kuna familia ya kijijini inampokea mgeni, mwanamume ambaye hakuna anayejua alikotoka. Binti wa nyumba ile, Mwamvua, anaposwa. Kipande changu kinakatika pale posa imeshakubaliwa na mgeni bado analala kwenye kibanda cha uani. Nikawa kama mtu aliyepewa mchuzi akanyimwa ugali.

"Herieth, nipe nusu yako."

"Jamani Claudine, si bado nasoma."

Kesho yake: "Nimeisahau nyumbani." Keshokutwa: "We naye, king'ang'anizi!" Baba yake ni mtumishi wa serikali, wamehamia juzijuzi tu kutoka Moshi, lakini ukimsikia anavyoongea utadhani Kasulu ameijenga yeye. Nilimbembeleza mpaka nikajichukia.

Na sikuwa nabembeleza kwa kupenda hadithi tu. Fasihi kwetu ni somo la kuchagua, na waliolichagua walikuwa wengi mno. Mwalimu wetu, Mwalimu Lusajo, akatangaza jaribio: atakayepata chini ya nusu, atafute somo jingine. Mimi nataka kufundisha Fasihi. Chuo cha ualimu nakipita kila siku nikienda shule, na kila siku nakitazama. Sina mpango mwingine. Nikitolewa Fasihi nimetolewa huko pia.

Siku ya jaribio ikafika, nusu ya mwisho sijaitia machoni. Kaka yangu Reverien, anayeendesha bodaboda, riwaya ile aliisoma zamani alipokuwa shule Kibondo. Asubuhi hiyo akanipakia, nikamwambia, kaka, nisimulie mwisho kabla hatujafika, naangamia. Akaanza kupaza sauti kuushinda upepo, kwa Kirundi chetu cha nyumbani, maana babu yetu alitoka Burundi na mama hajawahi kutusemesha lugha nyingine. Mgeni, *baramutwaye mw'ijoro*, wamemchukua usiku. Wakamfunika shuka. Mama wa nyumba analia hadi sauti inakauka. Watu wanasindikiza, na harudi tena. Hapo lori likatupita, vumbi likatujaa mdomoni, na tukawa tumefika getini.

Nikashuka nimeridhika. Haki ya Mungu, niliingia darasani natabasamu.

Swali la mwisho lilikuwa ndilo lenye alama nyingi: eleza tukio la mwisho katika riwaya, na hisia ulizozipata. Nikaandika bila kupumua. Nikaandika kwamba Mwamvua alichukuliwa usiku kupelekwa kwa mumewe, amefunikwa shuka asionekane uso, mama yake akalia kama wanavyolia akina mama wote, watu wakamsindikiza hadi kwenye makazi yake mapya. Nikamalizia: "Nilifurahi sana, na ningetamani na mimi siku yangu iwe hivyo."

Mnajua kosa liko wapi? Kwa Kirundi bibi harusi anaitwa *umugeni*. Reverien alisema mgeni, mgeni wa kitabuni, wa Kiswahili. Lakini alilitia katikati ya Kirundi, na mimi nimekulia kwenye Kirundi hicho. Nikasikia bibi harusi. Na bibi harusi wetu ndivyo anavyoondoka: anafunikwa, analiliwa, anasindikizwa. Kila kitu kilikaa sawasawa kabisa. Ningekuwa na kitabu mkononi ningekosea vipi?

Siku ya kurudisha karatasi, Mwalimu Lusajo alianza na yangu. Aliisoma kwa sauti, mbele ya wote, taratibu, anavuta kila neno. Alipofika kwenye "makazi yake mapya" darasa lilishaanza kucheka. Alipofika kwenye "ningetamani na mimi siku yangu iwe hivyo", wengine walilala juu ya madawati. Mwalimu mwenyewe alifuta machozi.

"Claudine," akasema, "hayo makazi mapya ni kaburi. Mgeni ameuawa. Umefurahi sana, eeh?"

Nikasimama nikamweleza habari ya umugeni. Ndiyo kwanza nikawa nimemwaga petroli kwenye moto.

"Aa, kumbe!" akasema. "Hii ni Fasihi ya Kiswahili, binti. Kirundi kipeleke Mabamba mpakani, ukakivushe hukohuko kilikotoka. Herieth, hebu msomee mwenzako mwisho wa kitabu."

Herieth akainama, akatia mkono kwenye begi lake, akatoa kitabu. Kitabu kizima. Kipya, jalada linang'aa, hakijaguswa na wembe.

Kicheko kikapungua chenyewe.

"Hicho umekitoa wapi?" nikamuuliza.

"Baba aliniletea kutoka Kigoma."

"Lini?"

"Zamani."

"Na nusu yetu iko wapi?"

Akamtazama mwalimu, akanitazama mimi. "Ipo nyumbani. Friji ilikuwa inayumba, dada akaiweka chini ya mguu."

Nyie! Chini ya mguu wa friji! Mimi nambembeleza mtu wiki nzima, kumbe ana kitabu chake kizima, na changu kimebeba friji! Wanasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Huyu alikuwa ameshiba na bado ameikalia sufuria.

Sikuomba ruhusa. Nilikwenda nikakichukua kile kitabu mkononi mwake, nikafungua sura ya mwisho nikaanza kusoma kwa sauti, machozi yanashuka na siyafuti. Mwalimu akasema, "Kaa chini." Sikukaa. Nikasoma mgeni anavyokwenda kisimani kuomba maji, na neno maji analitamka kwa lafudhi ya kwao. Wanawake wanacheka. Watoto wanamwigiza njia nzima. Jioni wanaume wanasema, huyu hata maji hajui kuyaita, si mtu wa hapa, kwa nini tunakaa naye? Halafu ndiyo fimbo. Halafu ndiyo shuka.

Nikakifunga kitabu.

"Mwalimu," nikasema, "walianza kwa kucheka."

Akakaza uso. "Unanifundisha kazi?"

"Hapana, mwalimu. Nauliza tu. Wewe umekuja huku kutoka Tukuyu. Herieth katoka Moshi, hata mwaka hajamaliza. Mimi nimezaliwa hapa Kasulu, na mama yangu kazaliwa hapa. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Babu yangu alipewa, akalima mpaka akazikwa na mikono imeota sugu. Sasa mgeni ni nani hapa?"

Nilipigishwa magoti nje hadi kengele ya mwisho, na sawa, nilipiga. Magoti yalichubuka. Ernesta, anayekaa dawati moja na mimi, alinitolea maji ya kunywa akasema, "Shoga, wewe una kichaa." Akakaa nami kidogo kivulini. Alama zangu, chini ya nusu, hazikubadilishwa. "Jaribio ni jaribio," Mwalimu Lusajo alisema alipopita na baiskeli yake, bila kunitazama.

Jumatatu kipindi cha Fasihi kilipofika, waliofeli walibeba mabegi yao wakahamia darasa jingine. Mimi nilibaki. Nilikaa dawati la mbele kabisa, mahali ambapo hata mtu akitaka kunikwepa kwa macho hawezi. Nilikuwa na nusu yangu ya kitabu, na pembeni yake nusu ya mwisho, yenye alama ya duara ya mguu wa friji. Herieth alikuwa ameiacha juu ya dawati langu asubuhi. Asante sikumpa.

Mwalimu akaingia, akaanza kuita majina. Longinus. Herieth. Ernesta. Akafika pale jina langu linapokuwaga, kalamu ikasimama, kisha akaruka, akamwita Niyonsaba. Niyonsaba, ambaye kwao pia ni Kirundi, hakuitika. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Nipo, mwalimu," nikasema.

"Sijakuita."

"Najua, mwalimu. Nipo."

Hakuna aliyecheka.