Meneja Akiwa Hana Karata

Cherehani ya mke wangu ilifungiwa miaka mitatu katika chumba cha nyuma cha klabu ya kiwanda, na aliyeifungia ni Meneja. Nasema mapema ili mtu asije akadhani niliingia mashindano ya poka kwa tamaa. Mshindi wa pili hupewa jiko la gesi, ninalo. Wa tatu hupewa mwavuli. Nao ninao, ingawa una tundu.

Marehemu mke wangu aliipeleka cherehani pale kwa hiari yake, akiwafundisha wanawake wa kiwandani kushona kila Jumamosi. Alipougua masomo yakakoma, Meneja akapiga kufuli, akajaza viti vyake vibovu humo ndani. Nilipokwenda kuidai, akasema, "Lete risiti." Risiti ya kitu kilichonunuliwa yeye hajaota hata ndevu! Wakubwa ndivyo walivyo. Chako kinataka karatasi, chao hakiulizwi.

"Kama huna risiti, ni mali ya klabu," akasema. "Na mali ya klabu, mwamuzi ni mwenye funguo."

Mwenye funguo alikuwa yeye. Mke wangu aliiulizia cherehani yake mpaka wiki ya mwisho. "Umeileta?" Nami nikawa namdanganya kwamba bado inatiwa mafuta.

Sasa, funguo hizo zilikuwa na kanuni, na kanuni aliitunga Meneja mwenyewe, akaibandika ukutani: mshindi wa poka atashika funguo zote za klabu mpaka mashindano ya mwaka unaofuata. Aliitunga baada ya kushinda mara mbili, alipoona hakuna wa kumtoa. Kufikia mwaka huu alikuwa ameshinda mara sita. Si kwa akili. Wenzake mezani wote wanakula kwa kalamu yake. Akisukuma chipu zake za dau mbele, wanatupa karata. Mtu aliyezoea kusema "ndiyo, bosi" siku tano za wiki, siku ya sita ulimi haumgeuki.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Hilo ndilo linaloniuma. Mke wangu alikuwa akishona chumba cha nyuma huku sisi tukicheza ukumbini, na baina yetu kuna ukuta wa mbao tu. Karata hazioni, lakini sauti anazisikia, kisha anasikia nani kashinda na kwa karata gani. Siku moja jikoni, tukicheza wawili kwa vifungo vya mashati badala ya chipu, akaniambia:

"Baba, huyo bosi wenu akiwa na karata nzuri huongea kama mgeni aliyekuja kuposa. Ndugu yangu, tafadhali, karibu. Akiwa hana kitu, huongea kama bosi."

Nikacheka. Mwaka uliofuata nikasikia kwa masikio yangu kwamba ni kweli, na bado nikatupa karata. Nilikuwa na kazi ya kuogopea. Kazi yenyewe wakaja kuninyang'anya kwa barua ya mistari miwili.

Basi mwaka huu nikajiandikisha kama mstaafu. Jumamosi asubuhi, ukumbi umefagiliwa, meza mbili zimeunganishwa na kutandikwa blanketi la kijani. Mgawa karata alikuwa Mama Stoo, mwanamke anayetunza vipuri vya kiwanda, aliyejifunza kushona kwa mke wangu.

"Mzee Spana!" Meneja akaniita kwa jina langu la kiwandani. "Umekuja kucheza au kunywa chai ya bure?"

"Chai yenyewe siku hizi mnaipima kwa kijiko cha dawa," nikamjibu. "Afadhali nicheze."

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka nani anachekwa, wakanyamaza.

Tulikuwa kumi na wawili. Kila mtu anapewa chipu mia moja, zikimwishia anainuka, hakuna kununua nyingine. Karata mbili mkononi mwako, tano zinafunuliwa katikati kwa wote, mwenye mchanganyiko bora anazoa. Kila mgao watu wawili hulazimika kuweka dau kabla ya kuona kitu, na dau hilo huongezwa mara mbili kila nusu saa. Kwa hiyo anayesubiri tu analiwa taratibu kama sabuni, na mwenye pupa anainuka mapema. Mimi nilisubiri kwanza. Nilitupa karata mbovu, nikatupa na za wastani, mpaka Fundi Boila aliyekaa kushoto kwangu akaninong'oneza, "Mzee, umelala?"

"Nahesabu wanaoinuka."

Walikuwa wanainuka kweli. Kufikia saa sita wamebaki watano, nami nina chipu arobaini. Hapo kusubiri hakufai tena. Nikapata wafalme wawili, nikaweka zote, mpiga chapa wa ofisini akanifuata kwa ubishi, nikazidisha. Nikaweka zote tena, wakatupa karata kwa woga. Njaa ya chipu ina faida yake: mtu akikuona huna cha kupoteza, anakupisha.

Tukabaki watatu: Meneja, Fundi Boila na mimi. Fundi Boila akaongeza dau kwa mkono uliotulia, nikajua anacho kitu. Meneja akasukuma rundo zima.

"Fundi, amua haraka. Jumatatu una zamu ya alfajiri, au umesahau?"

Fundi Boila akatupa karata. Zikateleza, zikafunuka: mabibi wawili, jozi ambayo mtu huiombea siku nzima. Baada ya hapo moyo ulimtoka. Dau la lazima likammaliza, akachukua mwavuli wake, akaenda kusimama nyuma yangu.

Tukabaki wawili. Tulikokotana karibu saa nzima. Mara moja Meneja aliniambia, "Karibu uone, ndugu yangu, tafadhali," nikatupa karata upesi kama nimeshika kaa la moto. Akazifunua kwa majivuno: ree mbili, karata kubwa kuliko zote. Nikamshukuru marehemu moyoni.

Kisha ukaja mgao wenyewe. Chipu zetu zinakaribiana, zangu zimezidi kidogo. Mimi nina ghulamu na tisa. Katikati zikafunuliwa mfalme, tisa, nne. Nina jozi ya tisa, jozi ya kimaskini mbele ya mfalme. Nikaweka dau dogo, akalipa. Ikaja mbili. Sote tukagonga meza, hakuna aliyeongeza dau. Ikaja sita, ya mwisho. Meneja akasukuma kila kitu mbele kwa mikono miwili.

Kama ana mfalme, nimebaki na makombo, na cherehani inakaa gizani mwaka mwingine. Na kwa umri wangu mwaka si kitu cha kuchezea. Mkono wangu, maana mwili hausahau, ukaanza wenyewe kuzisogeza karata nizitupe. Nikauona unakwenda. Miaka thelathini ya "ndiyo, bosi" ilikuwa inausukuma.

"Haya, Spana!" Meneja akasema. "Usitupotezee muda hapa. Tupa karata, watu wana kazi."

Nikaurudisha mkono.

"Sema tena?" nikamwambia.

"Nimesema tupa karata! Husikii?"

"Nimesikia vizuri. Hata mke wangu amesikia." Nikasukuma chipu zangu katikati. "Funua."

Hakufunua. Alimtazama Mama Stoo kana kwamba anaweza kumpa amri.

"Funua, Meneja," Mama Stoo akasema. "Kanuni yako."

Akafunua: ree na saba. Hana jozi, hana chochote. Mimi nikaweka tisa yangu mezani polepole, kama mtu anayeweka sahani mbele ya mgeni.

Kelele zilizopigwa ukumbini mle sijazisikia tangu ile siku mshahara ulipoongezwa, na hiyo ni zamani sana. Fundi Boila aliufungua mwavuli ndani ya nyumba akaupungia juu. Mpiga chapa alikuwa anamwambia kila mtu kwamba yeye alijua tangu asubuhi. Mwongo mkubwa.

Meneja akakitua kitita cha funguo juu ya blanketi. "Bahati tu," akasema.

"Lete risiti," nikamwambia.

Chumba cha nyuma kilifunguka kwa kuvutana. Tulitoa viti vibovu kumi na saba. Cherehani ilikuwa pembeni, vumbi limeifunika, na chini ya sindano bado kuna kola ya shati langu la kazi, imeshonwa nusu. Mama Stoo akaifuta kwa kanga yake, akazungusha gurudumu. Sindano ikashuka, ikapanda, ikashuka.

"Haijafa," akasema. "Mzee, Jumamosi tuje?"

"Njooni. Lakini leo inalala kwangu. Kuna mtu nilimdanganya kwamba inatiwa mafuta."

Tukaibeba, mimi na Fundi Boila. Mlango wa klabu una springi kali, haukai wazi bila kushikwa, na aliyekuwa amesimama karibu nao ni Meneja.

"Tushikie mlango, ndugu yangu," nikamwambia. "Tafadhali."

Akaushika.