Sauti Ilipita Nje

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, ukurasa wa kupima mtandao uliandika kwamba kompyuta ya Farida ilikuwa Ubelgiji. Farida mwenyewe alikuwa katika mtaa wa Mutoshi, kwenye chumba cha kupanga, na nyuma yake mama mkwe wake, Mariamu, alikuwa akichambua maharagwe.

“Tuko wapi sasa?” Mariamu aliuliza.

“Ulaya, mama.”

“Ulaya na haya maharagwe ya mawe?”

Siku tisini na saba zilikuwa zimepita tangu Bilali, mume wa Farida, aondoke. Alikuwa amepiga picha nyumba za mtaa wao wa zamani, Kasulo, zikibomolewa kupisha mgodi, yao ikiwemo, na picha zikasambaa mtandaoni. Walinzi wa kampuni ya mgodi walikuja kumuulizia mara mbili. Sasa alikuwa amejificha mbali, Lubudi. Hatari ilikuwa hapa: muuza intaneti wa mtaa, aliyewaunganisha wao, ndiye aliyewaunganisha walinzi pia, na aliweza kuona kila anwani ambayo kompyuta ya Farida iliwasiliana nayo.

Ndiyo sababu ya kuwa na VPN, iliyopitisha mambo yao katika njia iliyofungwa hadi ng'ambo, na proksi, mlango wa pili wa kutokea. Bilali aliziweka mwenyewe kwenye kisanduku cha intaneti, akaacha sharti: msinitafute kabla ya kupima. Alikuwa hivyo tangu zamani. Alipokuwa akichimba kobalti chini ya sebule yao, hakushuka shimoni kabla mshumaa wa kupima hewa haujateremshwa kwa kamba na kupandishwa ukiwa bado unawaka.

Farida alipima. Anwani ilikuwa ya Ubelgiji. Hata majina ya tovuti yalitafutwa kupitia seva, kompyuta kuu, ya huko huko. Aliikata VPN kwa makusudi. Kurasa zikakwama, hakuna kilichotoka; akaiwasha tena. Mariamu akaweka ungo chini.

“Basi piga.”

“Bado sauti, mama.”

Kipimo cha mwisho kilijaribu kufungua njia ya simu. Jibu lilikuja kwa herufi nyekundu: anwani yao halisi ya Mutoshi. Alirudia mara tatu. Kisanduku kilificha kurasa na ujumbe, lakini sauti ilipita nje ya njia iliyofungwa. Wakipigiana, muuza intaneti angeiona anwani ya Bilali, na Farida hakujua kukirekebisha kisanduku.

“Tutaandika tu,” alisema.

“Mi sijue kusoma, Farida. Mutoto wangu nitamusikia na macho?”

Farida aliigusa simu yake. Ndani yake kulikuwa na sekunde kumi na moja za sauti ya Bilali, zilizorekodiwa kabla hajaondoka, akisema kwamba makaa yameisha. Alikuwa amezisikiliza mpaka akajua ni wapi anavuta pumzi.

Aliandika: Sisi wazima. Mama yuko hapa. Usipige, andika.

Saa nne na dakika arobaini na nane ujumbe ulimfikia Bilali. Jibu lilichukua dakika mbili. Farida alilisoma kwa sauti: “Nisikie tu mama akikohoa, inatosha.”

Mariamu alisimama, akaisogelea kompyuta, akakohoa kwa nguvu.

“Amesikia?”

“Hapana, mama.”

Kisha simu ya Bilali iliita kwenye kioo, na jina lake likatokea chini. Njia ya sauti haifunguki mpaka mtu apokee. Hilo Farida alilijua.

“Ni yeye! Shika, mutoto! Ni yeye, shika!”

Iliita mara tano. Saa nne na dakika hamsini na moja, Farida alibonyeza kitufe chekundu.