Mtihani wa Barabarani

Vasemaca, binti wa kaka yangu, alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari mjini Nausori wakati Fiji ilipofunga shule kwa sababu ya korona. Wanafunzi wa bweni walirudishwa makwao, masomo yakahamia kwenye simu. Wenzake wa mjini walisoma wakiwa sebuleni. Yeye alirudi kwetu, juu ya mto Wainimala, ambako mtandao hushika mahali pamoja tu, kwenye kilima nyuma ya kanisa, na simu ya kufanyia kazi hiyo ilikuwa yangu.

Kila asubuhi alipanda kilima na mwavuli. Alirudi na tope hadi magotini.

"Leo mmesoma nini?" mama yake, Kelera, alimuuliza.

"Leo mwalimu amefundisha 'mnanisikia?'"

Siku ya mtihani wa biolojia mvua haikukatika tangu alfajiri. Siku kama hizo umeme wetu wa jua huwa hauna nguvu, na simu ilikuwa na chaji kidogo. Ilizimika akiwa amejibu karibu nusu. Alipoiwasha kesho yake, alikuta amepewa sifuri.

Hakulia. Alijilaza akatazama ukuta. Aliyepandisha sauti ni Kelera.

"Sifuri ni ya asiyejua. Huyu anajua! Wifi, hebu mpigie huyo mwalimu."

Tulipanda kilima wote wawili. Mwalimu Ganesan alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Dada, majibu ya wenzake wote yameingia. Nikimpa mtihani upya yeye peke yake, nitawaambia nini wengine?"

Kelera akaninyang'anya simu. "Muulize maswali wewe mwenyewe, uso kwa uso."

"Mama, mji umefungwa. Mimi sitoki, ninyi hamwingii."

"Si kuna kizuizi cha polisi barabarani? Wewe simama upande wako, sisi wetu."

Mwalimu akasema, "Haya. Njooni Alhamisi."

Tulishuka na lori la magimbi. Ganesan alikuwa ameshafika, barakoa usoni, maswali mkononi. Polisi wawili walitazamana.

"Mnauziana nini hapa?" mmoja akauliza.

"Biolojia," Kelera akajibu.

Polisi alicheka, akasogeza pipa la kizuizi ili Vasemaca apate kusimama kivulini. Malori yalikuwa yakinguruma, kwa hiyo mwalimu aliuliza kwa kupaza sauti, naye akajibu kwa kupaza sauti.

"Damu ikitoka mapafuni inaingia wapi?"

"Moyoni, chumba cha juu cha kushoto!"

"Halafu?"

"Chumba cha chini, kushoto hukohuko! Kisha inasukumwa mwilini!"

"Mimi niliambiwa moyoni mna mapenzi tu," polisi akasema.

"Afande, usimchanganye mtoto," Kelera akamkemea.

Swali la figo lilimshinda. Kelera aliuma kitambaa chake cha kichwa asije akajibu asichokijua. Mengine yote aliyajibu. Mwisho Ganesan alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasema, "Umefaulu vizuri sana, binti." Vasemaca ndipo alipolia, pale barabarani, na mwalimu hakuweza kuvuka kumpa mkono.

Alama zile hazikupokelewa. Ofisi ya elimu ilimjibu Ganesan kwamba mtihani wa mdomo hautambuliki. Aliandika tena, hakujibiwa. Sifuri ikabaki kwenye jumla ya alama zake. Shule zilipofunguliwa Vasemaca alifanya mtihani wa taifa akafaulu, lakini si kwa kiwango cha ufadhili wa udaktari. Rafiki yake wa bweni, aliyekuwa akinakili madaftari yake, aliupata.

Hakumsema vibaya rafiki yake, ila aliacha kupokea simu zake. Mwaka uliofuata alirudia darasa, akiwa mkubwa kuliko wenzake, na aliketi nyuma kwa kuona aibu. Ganesan alimhamishia mbele.

Hata mara ya pili ufadhili ule haukumfikia, na sasa yuko chuo cha uuguzi. Kelera huwaambia watu kuwa binti yake ni daktari, na Vasemaca humsahihisha kila mara, mbele za watu.

"Ni muuguzi, mama."

"Wewe nyamaza," Kelera husema. "Mimi nilikuwepo pale barabarani."